Gari Lililosikika Kabla Halijafika

Kilichonirudisha huko ni harufu ya grisi kuukuu. Tulikuwa tumemaliza arobaini ya baba, nikapewa ufunguo wa stoo yake kwa kuwa mimi ndiye mtoto wake pekee, na kwa kuwa ndugu zake waliogopa kuingia mle ndani. Hawakumwogopa marehemu. Waliogopa hesabu zake. Hata akiwa amezikwa, baba yangu ni mtu ambaye ungehisi atajua kama umehamisha msumari. Nyuma ya mizani mbovu ya kahawa, chini ya rundo la magunia, nilivuta kitu kirefu na kizito, kimeviringishwa kwenye gunia na kushonwa kwa sindano ya magunia. Kabla sijakata uzi, ile harufu ikanipanda puani: grisi, chuma, na vumbi la kahawa. Nikakaa juu ya debe. Nilikijua kitu kile kwa umbo lake tu, na nilikuwa na hakika kwamba kilirudishwa dukani nikiwa na miaka kumi, kwa sababu yangu.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka ilivyokuwa. Tulizaliwa wakati maduka yana rafu na rafu hazina kitu, sabuni inapatikana kwa foleni na kwa kujuana. Halafu ghafla ikawa ruksa. Mbinga mjini wakaanza kuingia watu na malori yao kununua kahawa kwa bei wanazozijua wenyewe, na maduka yakajaa redio, sufuria, mitumba na kandambili za rangi zote. Watu walifurahi. Baba hakufurahi. Alikuwa karani wa stoo ya ushirika kwa miaka mingi, kazi yake kugundua kilichopungua, na alipohamia kwa mnunuzi binafsi kupima kahawa aliendelea vilevile. Kwake kitu kikikosekana kimeibwa, na kikipatikana kwa urahisi ni feki.

"Zamani tulinyimwa," alikuwa akisema, "sasa tunauziwa takataka. Bora kunyimwa."

Nyumbani napo alipima. Chupa ya mafuta ya kula ilikuwa na mstari wa mkaa unaoonyesha yalipofikia. Mfuko wa sukari aliufunga kwa fundo analolijua yeye. Njiti za kiberiti alizihesabu. Na asubuhi kabla ya kwenda kazini alinyunyiza majivu membamba kwenye kizingiti cha mlango. Mimi nilidhani majivu yale ni ya kuzuia siafu, nikawaambia hata wenzangu shuleni kwamba kwetu siafu hawaingii, na kweli hawakuingia. Mama akitoka aliyafagia, akirudi aliyanyunyiza upya, kwa vidole vyepesi, hadi pakawa kama hapajakanyagwa. Sikuona ajabu yoyote. Nilidhani kila mama hufanya hivyo.

Baba hakumpiga hata siku moja, hilo nataka lieleweke. Alimuuliza tu. Ulipita njia gani? Ulisalimiana na nani? Mbona kisimani leo umechelewa? Mama alijibu kwa sauti ileile, swali baada ya swali, hadi yakaisha, na kesho yakaanza upya. Ndugu za mama sikuwajua. Baba aliwakataza kuja kwetu tangu sijazaliwa, akidai kwamba kila walipokuja waliondoka na kitu.

Sasa mtu wa namna hii, mwenye kukagua hadi njiti, ndiye aliyekuwa na gari la mbio. Lilikuwa gari la Kiingereza la zamani, la milango miwili, jekundu, limekaa chini mno hivi kwamba mbuzi akisimama mbele yake humwoni dereva. Mzungu mmoja mtaalamu wa kahawa aliliacha mradi wake ulipokwisha, likakaa juu ya matofali godauni hadi kuku wakataga ndani yake. Baba alilipata, akalifufua pole pole na fundi Osmundi, rafiki yake pekee. Watoto wa njiani waliliita Kenge, kwa lile tumbo lake la kuburuza. Baba alikasirika mwanzoni, kisha na yeye akaliita Kenge. Ndani ya Kenge alikuwa mtu mwingine kabisa, akipiga mluzi na kupungia watu mkono.

Bomba la moshi la Kenge, ekzosi kama tunavyoita, lilikuwa limeoza tangu siku za matofali. Lilinguruma vibaya sana. Na kwetu ni milimani. Kila ukoo una ntambo wake, mgongo wa mlima ulio kati ya mito miwili, na mtu akikohoa ntambo wa pili unamsikia kama yuko uani kwako. Kenge akishika tu mlima wa kwanza kutoka mjini sisi tulishamsikia, na kwa jinsi barabara inavyozunguka, ilimchukua muda wa kutosha mtu kusonga ugali na kuufunika kabla hajafika.

Mama akisikia ule mngurumo alibadilika. Aliinuka, akafunga kanga vizuri, akafagia, akanyunyiza majivu, akabandika sufuria, macho yanang'aa. Nikamtazama nikasema moyoni, kumbe hivi ndivyo mke anavyompenda mumewe.

Ekzosi ilikatika Jumapili moja mbele ya kanisa, watu ndio wanatoka misa ya pili. Ilidondoka katikati ya barabara ikabiringika hadi miguuni mwa katekista. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Baba alishuka, akaiokota kwa leso maana ilikuwa ya moto, akaiweka nyuma ya kiti. Jioni ile, akiwa na Osmundi chini ya gari, nilimsikia akisema, "Safari hii naweka ekzosi ya heshima. Kimya. Nataka siku moja nifike kwangu watu wakiwa hawajajiandaa."

Osmundi akacheka. "Utamkuta mkeo anasonga ugali, basi."

"Ndiyo nataka kumkuta."

Mimi sikucheka. Nilikuwa na shaka yangu mwenyewe, na ilikuwa imeanza kabla ya ekzosi kukatika. Vitu vilikuwa vinapotea nyumbani. Kwanza blanketi la mistari myeusi na myekundu ambalo mama alikuja nalo alipoolewa. Kisha ungo. Kisha chungu kidogo cha maharage na taa ya chemli iliyokuwa ya bibi mzaa mama.

"Mama, blanketi limekwenda wapi?"

"Kwani jana ulilala na baridi?"

"Hapana."

"Basi."

Vilipotea Jumamosi tu, na Jumamosi ndiyo siku baba aliyokwenda Mbamba Bay. Alisema anafuata samaki, na kuona kama wenye maboti kutoka ng'ambo ya ziwa wameleta spea. Nikaunganisha. Baba anayejua idadi ya njiti kwenye kiberiti, mbona haulizi blanketi? Mtu asiyeuliza ni yule anayejua jibu. Shuleni kulikuwa na msichana ambaye baba yake alijenga nyumba nyingine ufukweni, akahamisha vitu kimoja kimoja hadi siku moja na yeye mwenyewe akahama. Nilikuwa na miaka kumi na sikuwa na hofu nyingine duniani zaidi ya hiyo: kwamba nyumba yetu itavunjika, na kwamba itavunjwa na baba. Haikunijia hata kidogo kwamba baba alihesabu vitu vyake tu. Vya mama havikuwamo katika hesabu.

Nikamwomba anichukue Mbamba Bay. Alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. "Wewe una masikio," alisema. "Na bado hujajua kudanganya. Utanisaidia kuchagua."

Tuliteremka na Kenge asiye na ekzosi, moto ukilipuka chini ya miguu yetu, masikio yakiziba, hadi joto la ziwa likatupokea na harufu ya usipa, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa. Mwenye boti mmoja, Mnyasa aitwaye Adamu, alikuwa na ekzosi aliyoitoa ng'ambo, ndefu, na kidude cha kupunguza sauti kidogo kama kopo la maziwa. Alisema ilitoka kwenye gari kama letu, mwenyewe alikuwa akilikimbiza kwenye mashindano. Baba aliinusa. Akaigonga kwa kijiti cha chuma kutoka mwanzo hadi mwisho, ameinamisha kichwa. Akaziba upande mmoja, akamimina maji ya ziwa ndani, akasubiri.

"Hii imeibwa," akasema.

"Mzee wangu, ingekuwa ya wizi ningeiuza mchana hivi, watu wote wanaona?"

"Siku hizi mnauza kila kitu mchana."

"Sasa unaitaka au huitaki?"

Aliitaka. Lakini aliichukua kama akiba tu, kwa kuwa alikwishaagiza nyingine mjini, na hakutaka mtu yeyote adhani ana njia moja.

Tulipokuwa tunapanda kurudi, Kenge alichemka kwenye kijiji cha Tingi. Baba alifungua boneti akazama ndani. Mimi nikabaki nimekaa, nikatazama nyumba iliyo kando ya barabara, na kwenye uzio wake wa miti niliona blanketi letu. Mistari myeusi na myekundu, na kwenye pembe kile kiraka cha kijani nilichomshikia mama uzi alipokuwa anakishona. Mwanamke akatoka. Mwembamba, mrefu. Aliliangalia gari, akaniangalia mimi, akainua mkono kama anayetaka kusalimia, kisha akaushusha. Akalivuta blanketi akaingia nalo ndani, haraka, akafunga mlango.

"Maji yametosha," baba akasema, akafunga boneti. Alikuwa akipiga mluzi.

Nilimchukia baba njia nzima. Nilihesabu kona ili nisilie. Nilijiuliza nitamwambiaje mama, na kila nilipotaka kuanza niliona vile anavyochangamka akisikia gari, nikarudi kuhesabu kona.

Ekzosi iliyoagizwa ilifika wiki iliyofuata, kwenye duka la Mzee Shaweji, mtu wa Kilwa aliyekuja Mbinga kijana akazeekea hapo, duka lake kando ya msikiti. Mpya kabisa, kwenye karatasi ya grisi. Baba aliizunguka pale mezani akitafuta kasoro kama anayekagua punda wa kununua.

"Umeitoa wapi?"

"Dar es Salaam, kwa mtu ninayemjua, na yeye kaitoa huko inakotengenezwa. Ndugu yangu, hii si ya kuchongwa vichochoroni."

"Karatasi mpya mno."

Mzee Shaweji akacheka kwa uchovu. "Ingekuwa kuukuu ungesema imetumika. Sikiliza. Kaifunge, kaiendeshe. Ikiwa na kasoro irudishe, hata kwa neno la mtoto huyu. Mimi nauza jina langu hapa, sina kingine."

Hayo maneno sijawahi kuyasahau. Hata kwa neno la mtoto huyu.

Baba alipanga jaribio lake kama alivyopanga kila kitu. Osmundi atafunga ekzosi ya Shaweji, baba atapanda nayo kutoka mjini hadi kwetu, kisha atarudi afungiwe ile ya ziwani, apande tena. Mimi nisimame juu ya ntambo wetu, nisikilize gari linasikika kuanzia wapi, na kama kuna sauti yoyote isiyo ya kawaida.

Nilisimama shambani, mama alipokuwa akilima ngolo. Kwa msomaji asiye wa kwetu, ngolo ni yale mashimo yetu ya mlimani, unalaza majani kwa mraba na kuyafunika udongo, mvua isichukue shamba. Kazi ya kufukia ni ya wanawake, na mama alikuwa na mkono mzuri, ngolo zake zilinyooka kuliko za ntambo wote. Mwaka ule alikuwa amelima nusu tu ya mteremko. Nusu ya chini ilikuwa majani matupu, na baba alikuwa amekwisha kuuliza maswali yake kuhusu hiyo nusu. Mgongo, alijibu mama. Nami nilimwamini, ingawa mgongo huo huo ulipanda na kushuka kisimani bila shida.

Tulingoja. Ndege, upepo, jembe. Kisha Kenge akatokea kwenye kona ya mikaratusi, karibu kabisa na kwetu, mwekundu, bila mlio wowote isipokuwa mawe chini ya matairi. Mama alidondosha jembe. Akanishika bega kwa nguvu hadi likauma.

"Halijasikika," alisema. "Halijasikika kabisa."

"Si zuri, mama?"

"Zuri kwa nani?"

Uso wake ulikuwa umetoka rangi. Gari liligeuza, likarudi mjini, na muda wote ule hakuokota jembe. Ndipo, baadaye sana, ukaja mngurumo wa ile ya ziwani. Tuliusikia tangu mlima wa kwanza, ukapotea bondeni, ukarudi, ukapotea tena. Vidole vyake vikalegea begani kwangu.

"Hili," akasema. "Hili hata mtu akiwa kisimani analisikia."

Nikaona kila kitu, au nilidhani nimekiona. Mama alikwishajua habari za Tingi. Alitaka gari la kelele ili amchunge mumewe, ajue anatoka lini na anarudi lini, na baba alitaka la kimya ili aibe vizuri. Nyumba yetu ilikuwa imening'inia kwenye bomba la moshi, na aliyekuwa na neno la mwisho ni mimi.

Baba alishuka garini jasho likimtoka. "Haya. Umesikia nini?"

"Ile ya Mzee Shaweji inapiga mluzi, baba."

"Mluzi?"

"Mwembamba. Kama inavuja mahali."

Hakushangaa. Hilo ndilo lililoniuma wakati ule na linaniuma hadi leo: uso wake ulipata nafuu, kama mtu aliyengoja habari mbaya na hatimaye imefika. "Nilijua," alisema. "Nilijua tangu nilipoona karatasi."

Osmundi, aliyekuwa naye garini, alikuja juu. "Mluzi gani? Mimi ndiye niliyelala chini yake!"

"Wewe masikio yako yameshakufa kwa nyundo. Huyu mtoto hadanganyi."

Tuliirudisha siku ileile. Baba aliongea kwa sauti, watu wakasimama mlangoni. Alisema feki, alisema mmezidi, alisema bora enzi za foleni. Mzee Shaweji aliniangalia mimi.

"Binti, umesikia mwenyewe?"

"Ndiyo. Shikamoo." Nilikuwa nimekwisha kumwamkia nilipoingia.

"Marahaba," akajibu kwa mara ya pili, pole pole. "Basi. Neno nilishatoa." Akaichukua ekzosi kwa mikono miwili, akaenda nayo nyuma ya duka.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Mbamba Bay na Kenge wa kelele. Baba alinunua samaki watatu wa mbasa. Kurudi tulipita Tingi bila kusimama, nikaangalia ile nyumba, mlango umefungwa, nikamcheka yule mwanamke moyoni. Tuliposhika mlima wa mwisho baba akakanyaga mafuta, Kenge akanguruma milima ikaitikia yote. Nilifurahi. Nilisema kimoyomoyo, mama anasikia sasa hivi, anafunga kanga, anabandika sufuria.

Tulifika. Uani pamefagiwa. Maji ya kuoga yako kwenye karai, yana mvuke. Mlango umeegeshwa. Na kwenye kizingiti majivu yalikuwa yamekanyagwa, nyayo mbili za miguu mitupu, zinatoka, haziingii, na hakuna aliyezifuta.

Baba aliinama akazitazama muda mrefu. Miaka yote ile alikuwa ametega, na hii ndiyo mara ya kwanza mtego wake kunasa. Niliingia ndani mbio. Mezani kulikuwa na sahani mbili, ugali umefunikwa, majani ya maboga yamefunikwa, na nilipoinua kifuniko mvuke ulinipiga usoni. Alikuwa ametoka wakati sisi tuko kwenye kona za chini, kwa njia ya bondeni ambayo gari haliingii. Kanga zake hazikuwapo.

"Ulijua?" baba akaniuliza kutoka mlangoni.

"Blanketi liko Tingi," nikasema, na nilipokuwa nalisema ndipo nami nikalielewa. Yule mwanamke mrefu alikuwa na paji la uso la mama. Alikuwa mdogo wake. Vitu vyote vile vilikuwa vinakwenda Jumamosi kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku baba hayupo, na macho yale yaliyong'aa kila Kenge aliponguruma hayakuwa na furaha hata chembe. Nilikuwa nimeziba nyufa za nyumba upande usiovuja.

Nilitegemea apige kelele, awashe gari, amfuate. Baba alivuta kiti, akakaa. "Kula," alisema. "Utapoa." Yeye hakula. Alitazama sahani yake mpaka mvuke ukaisha.

Wazee walikwenda Tingi mara mbili, wakarudi. Mama alisema hana kesi na mtu, amechoka kuulizwa. Basi. Nikabaki na baba, kama ilivyo kwetu, mtoto ni wa upande wa baba. Nilikasirikia wote wawili, na mwenyewe zaidi, maana nilijua ni kelele za nani zilizompa mama nafasi.

Jumamosi ya tatu au ya nne baba aliniambia niingie garini. Tukateremka. Tulipofika Tingi akasimama mahali palepale, akafungua boneti akazama ndani na kopo la maji. Kenge hakuwa amechemka. Niliijua sauti yake akichemka.

"Shuka unyooshe miguu," akasema bila kuinua kichwa.

Mama alikuwa amekwisha kusimama kwenye uzio. Alitusikia tangu mbali. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akaniuliza nimekula nini, nani ananisuka. Baba hakutazama upande ule hata mara moja. Alipofunga boneti ndipo nikajua muda umekwisha. Tulifanya hivyo kila Jumamosi hadi nilipokwenda sekondari, na hakuna siku ambayo yeyote kati yetu aliita jambo hilo kwa jina lake. Tulikuwa tunasimama kutia maji.

Nilipokuwa mkubwa mama alinieleza kwa kifupi, akichambua mchele. "Siku ile ningeweza kuondoka asubuhi. Nilingoja nikusikie unakuja. Sikutaka uingie kwenye nyumba yenye jiko baridi." Mimi sikumwambia kuhusu mluzi. Sikumwambia mtu. Mzee Shaweji alifariki nikiwa chuoni, na nilituma rambirambi kama mtu asiye na deni naye.

Ekzosi ya ziwani ilitoboka, ikazibwa, ikatoboka tena. Osmundi alimsihi baba mara nyingi aweke ya kimya, umri umekwenda, watu wanacheka. "Iache ilie," baba alijibu. Nilidhani ni ubahili.

Basi nikakata uzi wa gunia pale stoo. Ekzosi ya Mzee Shaweji ilikuwa kwenye karatasi yake ya grisi, imekunjuliwa na kukunjwa upya kwa uangalifu. Gunia lilikuwa na chapa ya yule mnunuzi binafsi ambaye baba alimfanyia kazi msimu mmoja tu, msimu ule ule mama alioondoka. Na kwenye shingo ya bomba kilifungwa kikaratasi kwa waya, kama alivyofunga kwenye kila kitu alichokipokea maishani, kwa mwandiko wake wa kikarani uliolala upande:

*Ekzosi, moja. Kutoka kwa Shaweji. Imefungwa na kuendeshwa mara mbili. Nzima. Haivuji. Haipigi mluzi.*

Alikuwa amerudi dukani. Yeye, ambaye sikumsikia akiomba radhi kwa mtu, alikwenda mbele ya Mzee Shaweji akameza maneno yake yote, akainunua, akaifunga, akasikiliza. Na akajua. Msimu ule ule tulipoanza kusimama kutia maji, alikwishajua kwamba mtoto wake asiyejua kudanganya alimdanganya. Hakuniuliza. Mtu aliyehesabu njiti za kiberiti aliliacha hilo lipite.

Mama alikuwa uani, amekuja kwa ajili ya arobaini, amekaa kwenye mkeka na wanawake wengine. Nilimpelekea kikaratasi nikamsomea, nikamweleza, mara ya kwanza, tangu mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza akikunja na kukunjua pindo la kanga.

"Alikuwa nayo muda wote huo?"

"Muda wote."

Akatazama barabara ya mikaratusi.

"Angeweza kuja Tingi kimya," alisema.

Kisha akalia, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimlilia baba.